Makapi Yaliyooshwa Mara Tatu

Dorothée alikuwa na hakika kwamba binti yake anapika jua. Hivyo ndivyo alivyoielewa kazi ya Nadège, na aliyetaka kumsahihisha ilimbidi asubiri kwanza amalize kukanda udongo. Huko Ujerumani, katika mji wenye mvua isiyo na radi, kulikuwa na wataalamu waliotaka kuwasha jua dogo ndani ya chungu cha chuma, lizunguke humo usiku na mchana, liwape umeme bila moshi. Kuliwasha kwa kitambo kidogo walikwisha kujua. Shida ilikuwa chungu. Nani ana chungu cha kuvumilia pumzi ya jua? Nadège, mtoto wa mji wa Baraka ulio kando ya ziwa, mjukuu wa wavuvi wa Kazimia, alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wakitafuta ukuta wa chungu hicho.

Mchana, baada ya kula, Dorothée alipojinyoosha kwenye mkeka, jua hilo lilimjia. Lilikuwa na ukubwa wa papai, limelala chunguni likikoroma polepole, na Nadège amefunga kitambaa kichwani, anafunua kifuniko kidogo tu, anachungulia, anafunika upesi lisije likatoroka. Ziwa nalo lilikuwa humo humo ndani ya ndoto, limetulia, maji yake vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Dorothée aliamka akitabasamu, mate shavuni. Ndoto hiyo ilimrudia mara nyingi wala hakuichoka, maana hakuwa na njia nyingine ya kumwona binti yake akiwa kazini.

Chuma chenyewe kinaitwa tungsteni. Ndicho kile kiuzi kilichokuwa kinang'aa ndani ya balbu za zamani, na mawe yake huchimbwa hata huku kwetu milimani, ingawa anayeyachimba hajui yanakokwenda. Kwa kustahimili moto hakina mpinzani. Ila kina kiburi: hakipindi. Kikipata ufa mmoja mdogo, ufa huo unakimbia kutoka upande huu hadi ule bila hata kupumua, na kipande kinakatika kama biskuti. Ajabu ni kwamba chuma hicho hicho kikivutwa kuwa uzi mwembamba kama unywele kinakuwa mpole, kinapinda, kinavumilia. Basi Nadège na wenzake walichukua maelfu ya nyuzi hizo, wakazipanga ndani ya unga wa chuma hicho hicho, wakaubana unga kwa moto mkali hadi ukawa donge moja gumu lenye nyuzi tumboni. Ufa ukija, ukutane na nyuzi, uchoke njiani.

Siku Nadège alipomweleza hayo kwa simu, mama yake alicheka hadi akakaa chini.

“Miaka ine yote ku iniversité juu ya ile? Aba! Ile si njo mbabula yangu?”

Hakukosea sana. Dorothée alikuwa mtengenezaji wa mbabula, majiko ya makaa, na Baraka nzima ilimjua kwa hilo. Wengine hutumia bati. Yeye alitumia udongo wa kandokando ya mto Mutambala, na ndani ya udongo alichanganya makapi ya ngazi, yaani nyuzinyuzi zinazobaki matunda ya mawese yakishakamuliwa. Aliyachukua kwa Bonaventure, jirani yake mwenye kikamulio, yakiwa bado na rangi ya chungwa na yanateleza kwa mafuta, akayakanyagia ndani ya udongo kwa miguu, akafinyanga, akaanika kivulini majuma matatu. Mbabula zake hazikuchomwa tanuruni. Moto wao wa kwanza ulikuwa wa kupikia. Zilipasuka, ndiyo, mbabula ipi haipasuki? Lakini za Dorothée zilipasuka zikaendelea kupika miaka miwili mitatu, na nyufa zake zilikuwa kama makunyanzi ya bibi ambaye bado analima.

Madonge ya Nadège hayakutaka kufuata mfano huo. Yalikuwa yanavunjika. Nyuzi zimo, zimepangwa vizuri, na bado ufa unapita kana kwamba hakuna kitu. Mara sita alikuwa amechoma, na mara sita mashine ya kupinda imeyakata. Muda aliopewa ulikuwa unaisha mwisho wa Juni, na tanuru kubwa lilikuwa na zamu moja tu iliyobaki kwa ajili yake, Jumatano ya kwanza ya mwezi huo. Likivunjika na donge la zamu hiyo, basi: hakuna udaktari, hakuna mkataba mwingine, Nadège arudi nyumbani.

Na hapa lisemwe jambo ambalo Dorothée hakulisema hata kwenye kitubio. Alitaka arudi. Alikuwa mjane, watoto wengine wawili aliwazika wangali wadogo, na huyu aliyebaki hakuwa amemgusa kwa mkono tangu miaka minne. Chumba cha mbele alikwisha kukipaka chokaa. Alipopiga magoti kusali, mdomo ulisema, “Mungu, umusaidie mutoto,” na moyo ukasema kitu kingine kwa sauti ya chini, kama mtu anayeiba sukari jikoni kwake mwenyewe. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hata mzazi wakati mwingine hathubutu kuutazama wote.

Mwishoni mwa Aprili Nadège aliomba kitu. Labo yao, yaani maabara, ingefungua milango kwa wageni mwezi wa Juni, na kila mmoja alitakiwa aweke mezani kitu cha kwao kinachofanana na kazi yake.

“Mama, unitumie mbabula moja, kadogo, sawa kikombe tu. Padiri anakuya huku mwisho wa mwezi wa tano, atanibebea.”

Siku tatu Dorothée hakupata usingizi wake wa mchana. Mbabula yake mezani kwa wazungu! Aliitazama ile aliyokuwa akipikia: nyeusi, imejaa nyufa, nyuzi za kahawia zimechomoza kama ndevu za mbuzi, na harufu ya mawese ya zamani imekaa humo kama mpangaji asiyehama. Akaona haya. Miaka mingi nyuma, Nadège aliporudi kutoka shule akilia kwamba wenzake wanasema ananuka mawese, Dorothée alimshika sikio akamwambia harufu hiyo ndiyo inayomsomesha, asithubutu kuionea haya. Sasa mwenye maneno hayo alikuwa amechuchumaa mtoni, beseni mbele yake, anayafua makapi kwa sabuni ya unga. Aliyaosha mara tatu. Kisha akayachemsha kwa maji ya majivu, yakatoka meupe, hayana mafuta hata tone.

Bonaventure alipita akasimama, mikono kiunoni.

“Mama Nadège, hii makapi inaenda kubatizwa?”

“Inaenda Ulaya,” akajibu Dorothée. “Na we, endaka na mambo yako.”

Alipoona yalivyopendeza, akaona hasara kuyatumia kwa kikombe kimoja. Akafinyanga na mbabula kubwa tano za soko. Udongo uliyakumbatia makapi yale kwa namna ambayo hajawahi kuiona. Uligandana nayo, hapakubaki nafasi, ukuta ukawa laini hata mkono ulitamani kuupapasa. Zilipokauka, ukizigonga kwa kidole zililia, ngii, na mlio ukakaa hewani kitambo. Dorothée alizigonga kila alipopita. Alijiambia kwamba miaka thelathini yote alikuwa mchafu bure.

Wiki ya mwisho ya Mei alikuja Fanny. Huyu alikaanga bitumbura, yale maandazi ya mviringo, kwenye njia ya soko, na alikuwa mteja wa kwanza wa zile mbabula tano. Alikuja na vipande viwili ndani ya karai, akavitua uani kwa kishindo.

“Dorothée! Mbabula gani hii uliniuzisha? Imekatika mara moja, paa! Mafuta yote imemwangika mu muchanga. Kama mutoto angekuwa pale, leo tungekuwa ku kilio!”

Dorothée alivitazama vile vipande. Aliingia ndani, akachukua ile ndogo ya Ulaya iliyokuwa juu ya kabati imefunikwa kitambaa, akaitoa uani, akaipiga mara moja kwa mwiko. Ikakatika katikati, safi, hata vumbi haikutoa. Akaipiga ile kuukuu ya kupikia, kwa nguvu zaidi, mara mbili, mara tatu. Ufa mpya ulitokea ubavuni, ukatembea urefu wa kidole, ukasimama.

Alimpa Fanny mbabula ya zamani iliyobaki stoo, akamwomba radhi kwa maneno yote aliyokuwa nayo, na Fanny, ambaye hasira zake hazikai, akaondoka akinung'unika kwa mazoea tu. Kisha Dorothée akakaa chini na vipande mapajani. Katika ile mpya, makapi yalikuwa yamekatika sawasawa na udongo, kama yamenyolewa. Katika ile kuukuu yalichomoza marefu. Akashika uzi mmoja wa kuukuu akauvuta. Ukaja polepole, unateleza kidogo, unashikilia, unateleza tena. Akaurudisha kwa kidole, akauvuta mara ya pili. Mchana ulikuwa wa joto, ziwa limepauka mbele ya nyumba hata huoni lilipoishia na mbingu ilipoanzia, naye akakaa hapo muda mrefu akivuta nyuzi kama mtu anayechana nywele za mtoto aliyelala. Udongo ukipasuka, uzi wenye mafuta unautelezea ufa, unaushika huku unauachia, mpaka ufa unachoka. Uzi mkavu hauna pa kutelezea. Umeshikwa sana, basi unakufa pamoja na udongo.

Saa kumi alitia vipande na ile kuukuu kikapuni, akatembea hadi kwenye kikamulio cha Bonaventure, mahali mtandao unapokubali, akaketi juu ya pipa tupu. Simu ya Nadège iliingia kwa wakati wake. Uso ulionekana kwanza vipande vipande, halafu mzima, na macho yalikuwa mekundu.

“Unakula, Nadège?”

“Nakula, Mama.”

“Uongo.”

Nadège akacheka kidogo, kisha kicheko kikageuka kilio. Alisema zamu ya mwisho ni Jumatano ijayo. Alisema amewaza sana, na ameona nyuzi hazishikwi vya kutosha. Safari hii ataongeza moto, atabana muda mrefu zaidi, mpaka nyuzi na unga vishikane kabisa, viwe kitu kimoja.

“Bishikane kabisa,” Dorothée akarudia taratibu.

“Kabisa kabisa, Mama. Niko nafanya hivi toka mwaka jana. Kila mara naongeza moto. Sasa nitafika mwisho.”

Dorothée alijua. Tungsteni hakuijua, lakini hili alilijua, kwa maana vipande vilikuwa bado kwenye kikapu miguuni pake. Na kunyamaza hakuhitaji shule. Ilikuwa rahisi mno: aseme padri alisafiri mapema, amtakie kazi njema, akate simu. Jumatano ingepita, donge lingekatika, na mwezi wa saba angekuwa na mtu wa kula naye. Aliiona kabisa. Nadège amekaa kizingitini anachana nywele, sauti yake inatoka chumba hadi chumba, na jua ni lile la siku zote tu, la huko juu, lisilo na chungu wala mpishi. Ndoto hiyo ilikuwa tamu kuliko ile nyingine. Ilikuwa tamu hadi ikamtisha, akajichukia kwa utamu wake.

Bonaventure alikuwa anazungusha kikamulio nyuma yake, mafuta yanadondoka kwenye ndoo, tone baada ya tone. Mficha uchi hazai, na Dorothée alikuwa amezaa.

“Nadège, acha kulia, sikiliza. Mbabula yako, padiri hataileta. Imevunjika. Ile mingine pia iko navunjika. Mi njo nilikosa.”

“Ulikosa nini?”

“Niliosha makapi. Na sabuni, mara tatu. Kisha nikaichemsha na majivu.”

“Juu ya nini, Mama?”

Hapo ndipo pagumu. Aliutazama mto, akaitazama miguu yake yenye udongo hadi vifundoni.

“Juu ya haya. Sikutaka bazungu basikie harufu yetu.”

Nadège alimkazia macho. Dorothée hakujua kama ametazamwa kwa hasira au kwa huruma, na yote mawili yalimuuma sawa.

“Mama,” Nadège akasema, “nionyeshe pale imevunjikia. Geuza kamera.”

Alimwonyesha. Kwanza ile ya makapi meupe, nyuzi zimenyolewa. Kisha akamwita Bonaventure amshikie simu, akaishika ile kuukuu kwa mikono miwili mbele ya kamera, akavuta uzi mmoja utoke polepole.

“Uko naona? Hii ya zamani inatelezaka. Ile niliosha haina nafasi ya kuteleza. Udongo umeishika sana.”

“Rudia, Mama. Vuta tena.”

Akavuta tena. Nadège alikuwa ameusogeza uso karibu na kioo hata ilionekana pua tu na jicho moja.

“Nyuzi zetu pia tunazivalishaka kanzu,” akasema, sasa sauti imebadilika, imekuwa ya haraka. “Unga mweupe, kidogo sana, sawa utando wa buibui. Juu zisigandane na chuma. Ile njo kitu ya kwanza nafundishaka banafunzi, Mama, siku ya kwanza! Na mi nilikuwa nasema kanzu iko, juu tuliiweka. Sikuangaliaka kama moto imeiacha.”

Picha ikatikisika, ukaonekana ukuta, kikaonekana kiti, halafu hakuna kitu. Hakuaga. Bonaventure aliirudisha simu kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha sahani ya wageni.

Kesho yake ulikuja ujumbe wa sauti, mfupi. Nadège alikuwa amevichukua vipande vyote sita vilivyovunjika akavitazama kwa hadubini hadi asubuhi. Kanzu haikuwepo. Moto wake mwenyewe ulikuwa umeila, na kila alipoongeza moto alizidi kuzivua nguo nyuzi alizotaka kuzilinda. Sasa angeipaka nene zaidi, na moto angeupunguza. Mkubwa wake alisita, akasema moto mdogo utatoa donge legelege. Nadège alikuwa amemwambia tanuru ni lake kwa siku hiyo moja, na atalitumia anavyotaka.

Jumatano ikaja ikapita. Donge lilihitaji kupoa, kisha kukatwa, kisha kupindwa. Ijumaa mchana Dorothée alijinyoosha kwenye mkeka, na safari hii alijikuta yeye mwenyewe yumo chunguni. Jua lilikuwa karibu, halikuunguza, lilipumua tu. Alikuwa amemshika Nadège mkono, na mkono ule ulikuwa umepakwa mawese, unateleza kutoka kiganjani mwake, kiwiko, kifundo, vidole, na kila alipotaka kukaza aliogopa, na kila alipolegeza aliona bado anao. Aliamka moyo unapiga, akaenda kwenye kikamulio kabla ya saa ya simu.

Fanny alikuwepo, amefuata mafuta mapya. Simu ilipoita, wote watatu walikusanyika juu ya kioo kimoja kidogo. Uso wa Nadège haukusema kitu.

“Imepasuka, Mama.”

Huzuni ilimjaa Dorothée. Na ndani ya huzuni hiyo, chini kabisa, kitu kilirukaruka kwa furaha, akakikanyaga.

“Imepasuka,” Nadège akaendelea, “lakini haijavunjika. Angalia.”

Akatuma picha inayotembea. Kilionekana kijiti cha chuma cha kijivu, si kirefu kuliko kidole, kimelala juu ya meno mawili, na jino la tatu linakisukuma kutoka juu. Ufa ukazaliwa. Ukapanda upesi, ukafika kwenye nyuzi, ukasita, ukageuka ukatembea pembeni, ukapanda tena, ukasita tena. Jino likazidi kusukuma. Kijiti kikapinda. Ndani ya ufa zilionekana nyuzi nyembamba zinachomoka taratibu, zinashikilia, zinachomoka. Mashine ikafika mwisho wake ikasimama, na kijiti bado kilikuwa kimoja.

Fanny alipiga vigelegele hadi wapita njia wakasimama. Bonaventure, ambaye hakuelewa chochote, alipiga makofi akisema yale makapi ni yake. Dorothée alicheza, kweli alicheza, mwanamke wa miaka hamsini na nane, akizunguka pipa na simu juu ya kichwa, na Nadège upande wa pili akaona mawingu, mti, mawingu.

“Mama, ungoje, ungoje. Kuko kingine. Baniongeza miaka tatu. Banataka nifanye ukuta yenyewe, mukubwa.”

Dorothée akasimama. Akaishusha simu akaiweka mbele ya uso wake.

“Tatu,” akasema.

“Tatu.”

Fanny alikuwa mtu mzima. Alichukua chupa yake ya mafuta, akamshika Bonaventure mkono, wakasogea mbali.

“Mama, kama haungesema mambo ya sabuni, ningekuwa narudi mu mwezi wa saba.”

“Najua.”

“Ile siku ulikuwa unajua?”

“Nilikuwa najua, Nadège.”

Binti akafumba macho. Machozi yalimtoka bila sauti, na mama naye yakamtoka, wala hakuyafuta, maana mikono yote miwili ilikuwa imeishika simu.

“Usikate,” Nadège akasema. “Sina ya kusema. Usikate tu.”

Hakukata. Walikaa hivyo wanatazamana, mmoja juu ya pipa na mwingine chini ya taa nyeupe za labo, mpaka chaji ya simu ikaisha.